Kutoka Mikindani hadi Mbeya kwa njia ya kusini: ratiba ya siku 26 isiyo na haraka

Safari hii hupangwa kinyumenyume. Kabla ya kuulizia nauli ya basi la Mtwara, ulizia kwanza ni lini meli inaondoka Mbamba Bay kuelekea Kyela. Halafu angalia kalenda utafute Jumamosi, maana gulio la vyungu la Lyulilo, jirani kabisa na Matema, ni la Jumamosi. Ukishajua siku hizo mbili, rudi nyuma ukizihesabu siku za Mbinga, Songea, Masasi na Newala mpaka ufike pwani. Wanaoanza kupanga kutokea Mtwara kwenda mbele hufika ziwani siku moja baada ya meli kuondoka, wakakaa wiki nzima bila kutarajia au wakarudi Songea kwa basi wakiwa wamechoka na kukata tamaa. Kusini mwa Tanzania hakuna ugumu wa kutembea. Ugumu upo kwa mtu anayetaka kusini imfuate kwa saa yake.

Njia yenyewe ni hii: Mtwara na Mikindani (siku ya 1 hadi ya 3), Newala (4 hadi 6), Masasi na Ndanda (7 na 8), Tunduru (9), Songea na Peramiho (10 na 11), Mbinga na vijiji vya Umatengo (12 hadi 14), Mbamba Bay na Liuli (15 hadi 18), melini (19), Matema (20 hadi 22), Tukuyu (23 hadi 25), kisha Mbeya. Yote inawezekana kwa usafiri wa umma. Kutoka pwani hadi ziwani, kwa kupitia Mingoyo, Masasi, Tunduru na Songea, sasa ni lami mfululizo. Mtu aliyepita hapo miaka ya 1990, basi likizama kwenye tope kati ya Masasi na Tunduru, atakuelewesha maana ya sentensi hiyo kuliko mimi.

Kuhusu majira, kusini kuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ushauri wangu ni kuanza wiki ya mwisho ya Septemba. Wakati huo barabara za vumbi zimekauka, pepo kali za kusi zinazolichafua Ziwa Nyasa kati ya Mei na Agosti zimepungua, korosho zimeanza kuanguka Newala, na mwisho wa mavuno ya kahawa bado unaonekana Mbinga. Utakachokosa ni maua ya hifadhi ya Kitulo, ambayo huchanua kuanzia Novemba hadi Aprili, na mavuno ya mpunga wa Kyela yanayokuwa katikati ya mwaka. Huwezi kuyapata yote kwa safari moja, na anayejaribu huishia kuyaona yote kupitia dirisha la basi.

Pwani: siku tatu za kuzoea

Mtwara mjini pamejengwa kwa nafasi kubwa kupita wingi wa watu wake, na sababu ni karanga. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, Mtwara ilichaguliwa iwe bandari ya kusini, ikachimbiwa gati la kina kirefu na kupangiwa mitaa mipana, na reli ikajengwa kwenda Nachingwea. Mradi ulikufa mwaka 1951. Reli iling'olewa baadaye, lakini bandari ikabaki, na leo inasafirisha korosho.

Usilale Mtwara zaidi ya usiku mmoja. Panda daladala kwenda Mikindani, kilomita 10 hivi, ukae huko. Huu ni mji wa mawe ya matumbawe na milango ya nakshi uliozunguka ghuba tulivu. Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 limekarabatiwa na linatumika, na ni kutoka Mikindani ambako David Livingstone alianza safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Zunguka saa 12 na nusu asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Mchana jua huakisi kwenye mawe na kwenye maji kwa pamoja na utachoka upesi. Siku ya tatu, vuka kwa kivuko kutoka Mtwara kwenda Msangamkuu ukatembee ufukweni. Kama una muda wa ziada, Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, ina ufukwe mrefu mweupe ambao siku za kazi hauna mtu. Hakikisha umeulizia gari la kurudi kabla hujashuka.

Fanya pia jambo moja la kiofisi ukiwa Mtwara: chukua fedha taslimu. Benki zipo Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea na Mbinga, na wakala wa pesa kwa simu wapo hadi vijijini. Lakini wakala wa kijijini mara nyingi hana salio la kutosha, hasa wiki ambayo wakulima wamelipwa korosho na kila mtu anatoa. Beba sehemu kubwa ya akiba yako kwa noti za elfu moja, elfu mbili na elfu tano. Noti ya elfu kumi kwa boda wa kijijini saa 1 asubuhi ina maana ya kusubiri mpaka mtu apatikane wa kuichenji.

Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde

Kuna njia mbili za kufika Masasi. Ya lami inapita Mingoyo na Ndanda, na ndiyo mabasi makubwa hupita. Nyingine inapanda uwanda wa Makonde kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala. Kwenye hii ya pili, kilomita 50 za kwanza hadi Mnivata zina lami, na zilizobaki hadi Masasi, karibu 160, zimekuwa zikijengwa kwa vipande. Chukua hii ya pili. Magari yanaondoka alfajiri, na ukifika stendi saa 3 asubuhi utapata kiti cha nyuma kabisa au hutapata. Funga begi lako ndani ya mfuko wa nailoni kabla konda hajalitupa juu au nyuma, kwa sababu vumbi la uwandani ni laini na hupenya kila zipu.

Newala ipo ukingoni mwa uwanda, na mahali paitwapo Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla mbele yako. Chini kabisa kuna bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Nenda jioni, jua likiwa upande wa magharibi, na ufike kabla giza halijaingia maana ukingo hauna uzio wa maana. Mto unauona kama uzi tu wakati wa kiangazi. Hapa pia ndipo pa kuelewa shida ya uwanda huu: udongo ni mchanga unaonyonya mvua yote, na maji yapo chini bondeni. Mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukisukuma maji kupanda juu tangu miaka ya 1950, na bado kwenye nyumba nyingi utaona kisima cha kukingia mvua kikiwa kimejengwa kabla ya choo. Gesti itakupa ndoo moja. Itumie kwa adabu: kuoga kwa lita kumi kunawezekana, na kuomba ndoo ya pili ni kuomba kitu ambacho mtu ametembea kukifuata.

Siku ya kati ya hizo tatu itumie mashambani. Korosho huanguka zenyewe zikiiva. Mkulima huokota, hutenganisha korosho na bibo, yaani tunda laini linaloishika, hukausha juani siku mbili au tatu, kisha hupeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika. Huko hupimwa, hupangwa daraja, na kuuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza mwaka 2007, ambao mkulima hupewa risiti ya mzigo wake uliowekwa ghalani mpaka uuzwe. Mnada wenyewe, ukiupata, ni jambo la kuhudhuria: wakulima wanakaa, bei za wanunuzi zinatangazwa, na wakulima ndio wanaokubali au kukataa. Omba ruhusa kwa katibu wa chama, kaa nyuma, usipige picha za bei.

Tahadhari ya kweli kuhusu korosho: usiipasue kwa meno wala kuibangua mbichi kwa vidole. Ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, na malengelenge yake hukaa zaidi ya wiki. Wenyeji huzichoma kwanza juu ya bati lenye matundu mpaka mafuta yawake na kuisha, wakisimama upande ambao moshi hauendi, kwa sababu moshi huo nao unachoma macho. Bibo lililokamuliwa asubuhi ni tamu. Likichachuka linakuwa uraka, kinywaji cha msimu ambacho utakaribishwa nacho. Kinachokenekwa kutoka hapo ni gongo, ni haramu kisheria, na hakuna anayejua nguvu yake mpaka achelewe. Ming'oko, mizizi ya porini inayochimbwa na kuchemshwa, ukiiona sokoni nunua fungu moja ule na chumvi.

Jando na unyago hufanyika miezi ya kiangazi. Ngoma utazisikia usiku. Ukikaribishwa kwenye sherehe ya kutoka, nenda, toa zawadi ndogo. Usikokaribishwa usisogee, na simu ibaki mfukoni.

Kuhusu Ruvuma: tangu mapigano yalipoanza Cabo Delgado mwaka 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020, ulinzi kwenye vijiji vya mpakani umekuwa mkubwa. Usishuke bondeni kwa boda kwenda "kuuona mto tu". Ukitaka kwenda kijiji chochote cha mpakani, anza ofisi ya mtendaji wa kata, onyesha kitambulisho, sema unapokwenda na unaporudi. Ukiambiwa hapana, ni hapana.

Adabu hiyo ya kuripoti inahusu safari nzima. Kijijini, nenda kwa mtendaji au mwenyekiti kabla ya kuanza kuzunguka, saini kitabu cha wageni, eleza shughuli yako kwa sentensi mbili. Inachukua dakika 20, na baada ya hapo wewe ni mgeni wa kijiji, si mtu asiyejulikana anayepita na kamera. Mara nyingi mwenyekiti mwenyewe atakutafutia kijana wa kukutembeza. Malipo yake mpatane kabla ya kuondoka, mbele ya mwenyekiti.

Masasi hadi Songea

Masasi inatambulika kwa mbali kwa milima yake ya mawe iliyosimama peke yake kwenye tambarare. Mji ulikua kuzunguka misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Panda jiwe moja asubuhi mapema ukiwa na mwenyeji, viatu vyenye soli inayoshika, na si siku yenye mvua. Ndanda, kama kilomita 40 nyuma kuelekea Lindi, ina abasia, yaani makao ya watawa, ya Wabenediktini na hospitali inayotegemewa na kanda nzima. Kwa msafiri ina nyumba ya wageni, chakula cha saa maalumu, na ukimya. Piga simu siku kadhaa kabla, na ukisema utafika saa 11 jioni, fika saa 11 jioni. Lupaso, kijiji alikozaliwa na kuzikwa Rais Benjamin Mkapa aliyefariki Julai 2020, kipo wilaya hiyohiyo. Anayependa madaraja anaweza kuongeza siku moja kwenda Mtambaswala, Nanyumbu, kuona Daraja la Umoja la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010. Lakini ni kituo cha mpaka, na picha huombwa.

Masasi hadi Tunduru ni karibu kilomita 200, na Tunduru hadi Songea ni zaidi ya 260. Inawezekana kuzimaliza kwa siku moja. Zigawe. Tunduru ni mji wa Wayao na wa mawe ya vito, ambayo yalileta watu kutoka kila upande miaka ya 1990, na maduka ya madalali bado yapo barabarani. Usinunue jiwe lolote. Kutofautisha yakuti na kioo kunahitaji chombo na uzoefu, na kusafirisha vito bila kibali ni kosa. Usiku mmoja unatosha.

Kipande cha Tunduru hadi Namtumbo kiangalie kwa makini ukiwa dirishani. Hapa ndipo ushoroba wa wanyama kati ya Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji unapokatiza, na vijiji vya pande zote vimetenga ardhi yao kuwa maeneo ya jumuiya za hifadhi, kama Nalika upande wa Tunduru na Mbarang'andu upande wa Namtumbo. Tembo hawajui ratiba ya mabasi. Kwa anayekuja na gari lake au pikipiki, sheria ni moja: kipande hiki kipitwe mchana, tanki likiwa limejaa kutoka Tunduru.

Songea inahitaji siku mbili, na moja ni ya Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga katika mji huu mashujaa 67 wa Kingoni waliopigana nao katika Vita vya Majimaji, na Nduna (kiongozi wa vita) Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, akauawa siku chache baadaye. Kaburi la halaiki lipo hapohapo. Tafuta mwongozaji wa makumbusho, usisome vibao peke yako, kwa sababu mengi yapo kichwani mwake na hayajaandikwa ukutani. Kila Februari kunafanyika kumbukumbu kubwa na gesti zote hujaa. Siku ya pili nenda Peramiho, kama kilomita 24, kwenye abasia iliyoanzishwa mwaka 1898, yenye kanisa kubwa la matofali, karakana na bustani. Kama una dawa za kununua, au jino linauma, malizia hapa. Mbele ya Mbinga mambo hayo huwa magumu.

Mbinga: mashimo yanayoshika mlima

Hapa ndipo ningependa mtu apunguze mwendo kuliko mahali pengine popote. Ukitoka Songea kilomita 100 hivi kuelekea kusini-magharibi, unapanda Umatengo, na miteremko yote inaonekana imefumwa kama ukili. Hayo ni mashamba ya ngoro. Wamatengo walisukumwa kwenye milima hii na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, watu wengi kwenye ardhi ndogo yenye mteremko mkali, na wakabuni kilimo kinachouzuia mlima usiteremke mtoni.

Kazi huanza mvua zikikaribia kuisha, Februari na Machi. Nyasi za shamba lililopumzika hufyekwa na kuachwa zinyauke. Kisha hupangwa kwa mistari inayokatizana, ya kushuka na ya kukingama, mpaka shamba zima liwe miraba yenye upana wa kama hatua mbili kila upande. Halafu udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi, hivyo katikati panakuwa shimo na pembeni pote panakuwa tuta. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake huchimba na kupanda. Maharage hupandwa juu ya matuta mwanzo, na msimu unaofuata mahindi hupandwa kwenye matuta hayohayo bila kulima upya. Maji ya mvua hubaki shimoni na kuzama taratibu, nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea, na udongo uliochukuliwa na maji huishia kwenye shimo la chini yake badala ya mtoni. Magugu nayo hutupwa shimoni.

Fika na mtu anayekubalika, kwa sababu kukatiza shamba la ngoro kuna namna yake. Unatembea juu ya makutano ya matuta, hukanyagi ukingo wa tuta. Tuta moja likibomoka mvua inayofuata huvunja shimo, shimo hulivunja la chini yake, na mlolongo hushuka hadi bondeni. Utaona mashamba ambayo hayakukarabatiwa, vijana wakiwa wamehamia mjini, na namna korongo linavyoanza hapo. Ni kazi nzito, na haipaswi kusifiwa kama kitu cha kupendeza macho tu.

Katikati ya ngoro kuna migomba na kahawa aina ya arabika. Kufikia Oktoba utakuta uchumaji wa mwisho. Tembelea mashine ya kumenya ya chama cha msingi jioni, saa 10 hadi saa 1, kwa sababu kahawa iliyochumwa leo inatakiwa kumenywa leo. Ikilala na ganda lake, inachacha na ladha inaharibika. Baada ya kumenywa huloweshwa mpaka ute uachie, muda ambao hurefuka kunapokuwa na baridi, kisha huoshwa na kuanikwa kwenye vichanja kwa wiki moja na nusu hadi mbili. Chukua sweta nzito. Usiku wa Mbinga una baridi ambayo msafiri aliyetoka Mtwara huwa hajajiandaa nayo.

Ziwa

Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay inashuka kwa kona mfululizo mpaka usawa wa ziwa, kama mita 474 juu ya bahari. Mwenye kichefuchefu akae mbele na asile kitu kizito. Joto litakupokea kabla ya ziwa.

Siku nne za Mbamba Bay zina akiba ndani yake. Meli ikichelewa siku moja au mbili, hujaharibikiwa. Meli ya abiria, MV Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021, hubeba abiria 200 na mizigo tani 200 kati ya Kyela na Mbamba Bay, ikigusa vituo kama Liuli, Lundu, Manda na Lupingu. Ratiba hubadilika kwa matengenezo, hali ya hewa na mizigo. Uliza mara tatu: wiki mbili kabla, ukiwa Songea, na siku unayofika Mbamba Bay. Uliza ofisi ya bandari, si gesti. Ukiambiwa ukiwa Songea kwamba meli ipo kwenye matengenezo, usiiondoe Mbamba Bay kwenye ratiba. Nenda, kaa siku tatu, rudi Songea, kisha pita Njombe na Makambako hadi Mbeya, ushuke Matema kutokea juu. Ni siku mbili za basi, na zote ni lami.

Wakati unasubiri, nenda Liuli. Jiwe kubwa la Pomonda lililotokeza majini ndilo lililowafanya Wajerumani waite bandari hii Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia hapa meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Ni miongoni mwa mapigano ya kwanza kabisa ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza, katika kijiji cha wavuvi.

Chakula cha mwambao huu ni ugali wa muhogo na samaki: mbasa, mbufu, na dagaa wa Nyasa wanaoanikwa juu ya mchanga na vichanja. Dagaa wa kubeba wachague asubuhi. Wanaovunjika kwa mlio mkavu wamekauka, wanaopinda watanuka kabla hujafika Mbeya.

Kuogelea ni kwa masharti. Kichocho kipo, na konokono wake hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na matete. Chagua ufukwe wa mchanga au mawe wenye mawimbi, jikaushe mara moja, na wiki sita hadi nane baada ya safari nenda ukapime, hata kama hujisikii chochote. Midomo ya mito, hasa Ruhuhu karibu na Manda, ina mamba. Uliza wanawake wanaofua, wao ndio wanaojua mahali salama, kwa sababu wapo hapo kila siku. Chandarua cha gesti kikague matundu kabla hujalipa.

Boti za injini zinazokwenda kijiji hadi kijiji ni nzuri kwa masafa mafupi. Ondoka alfajiri, uwe umeshuka kabla ya saa 4 au 5 asubuhi upepo haujaamka, na usipande kama hakuna boya lako la kuvaa. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 700, na mawimbi yake ni ya bahari. Mwenye boti akisema "leo hapana", mshukuru.

Melini beba maji lita tatu, chakula cha mlo mmoja zaidi ya unavyodhani utahitaji, blanketi, mkeka na tochi. Kata tiketi mapema na panda mapema ili upate nafasi upande usiopigwa na upepo. Vituo vingi havina gati la maana: boti ndogo zinakuja ubavuni, watu, magodoro, mbuzi na magunia ya dagaa yanapanda na kushuka, mara nyingine usiku wa manane. Amka uangalie. Upande wa mashariki utakuwa na milima ya Livingstone ikishuka moja kwa moja majini kwa saa nyingi, na vijiji vyake kadhaa havina njia nyingine rahisi ya kwenda duniani ila chombo hiki.

Matema, Tukuyu

Meli nzuri kwako ni ile inayofika bandari ya Kiwira, upande wa Kyela, kabla ya Ijumaa jioni. Kutoka hapo nenda Kyela mjini, kisha Ipinda hadi Matema, njia ambayo sasa ina lami. Jumamosi asubuhi tembea kwenda Lyulilo. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu na kuvileta kwa mitumbwi, na wanunuzi wanatoka Kyela hadi Mbeya. Chagua kwa sikio: kigonge kwa kiungo cha kidole, chenye mlio wa wazi ni kizima, chenye mlio mfu kina ufa. Kabla ya kukipikia, kiloweshe usiku mzima, kisha chemshia uji mwepesi kwa moto mdogo mpaka vitundu vijizibe. Kukisafirisha, jaza majani makavu ya mgomba ndani na nje na kipakate mwenyewe. Chungu kilichowekwa kwenye buti la basi hakifiki.

Tukuyu ni mita elfu moja na zaidi juu ya Matema, kijani mwaka mzima, na mvua yake haifuati kalenda ya kusini kwingine. Koti la mvua litoke kwenye begi hapa hata Oktoba. Kwa siku tatu: moja ya Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba juu ya mto Kiwira, na ya Kijungu, shimo la mwamba kwenye mto huohuo, ambacho kipo eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo ruhusa huombwa getini. Ya pili ni ya kutembea kwenye migomba na chai bila kwenda popote maalumu. Ya tatu ni ya Ziwa Ngosi, lililopo ndani ya kreta. Chukua mwongozaji, anza kabla ya saa 2 asubuhi, na ishia ukingoni juu. Njia ya kushuka hadi majini ni wima na telezi, na wenyeji wanaliheshimu ziwa hilo. Mlima Rungwe wenyewe, mita 2,960, ni siku nzima ya kazi ngumu. Msitu wake ni makazi ya kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wa hapo walimjua siku zote. Usitegemee kumwona kwa matembezi ya siku moja.

Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni mwendo wa saa mbili hivi. Treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam inafaa sana kumalizia safari ya namna hii, inapotembea. Nenda stesheni mwenyewe uulize siku na nafasi za vitanda kabla ya kulipa gesti ya Mbeya. Kama haipo wiki hiyo, mabasi ya Dar yanaondoka alfajiri, na chungu chako kitahitaji kiti cha dirishani.